Risala ya Wazee wa Sebule ya Chini Kuhusu Kompyuta Inayotaka Kuhamishwa

Mgeni rasmi, Mkurugenzi wetu, Bi Matroni, wauguzi, na wazee wenzangu, mlio macho na mliokwisha kusinzia:

Karibu sana sebuleni kwetu, na pole na safari. Kiti ulichopewa ndicho pekee kisichoyumba, kwa hiyo jiachie.

HISTORIA

Mwaka jana ulitupatia kompyuta hii ya mfumo wa Linux. Tukapiga makofi, ukaondoka. Tulipochomeka flashi yenye video, kompyuta ikasema haina programu ya kuifungua. Basi tukaifunika kitambaa, ikawa meza ya vikombe vya chai. Juzi ofisi yako ikatangaza kwamba kwa kuwa hatuitumii, leo utaondoka nayo.

MAFANIKIO

Lo! Usingizi ulituruka. Bi Miwani, aliyekuwa mpiga chapa mahakamani, akashika kibodi. Sisi tukasimama nyuma yake tukimsomea maelekezo kutoka kwenye simu, wote kwa mpigo. Akafungua dirisha jeusi la kuandikia amri, akaamuru programu ya kuchezesha video isakinishwe. Kompyuta ikadai neno la siri. Akaandika, lakini haikutokea hata nukta.

"Kibodi imekufa hii!" akasema.

Tukaazima ya Matroni. Kimya. Tukaazima ya chumba cha dawa. Kimya vilevile. Kumbe mfumo huu hauonyeshi neno la siri unapoliandika! Lilikuwa likiingia muda wote, ila sisi tulichomoa kibodi kabla Bi Miwani hajabonyeza Enter. Chumba cha dawa, ile yenu ilimwagikiwa chai kidogo. Tunaomba radhi hadharani.

Hatimaye programu ikashuka kutoka mtandaoni, ikajisakinisha, ikajitokeza kwenye menyu. Tuliijaribu kwa wimbo mmoja, na wenye magongo nao wakacheza.

CHANGAMOTO

Changamoto yetu ni moja, na imeketi mstari wa mbele: Fundi Saa. Flashi ile ni yake. Ina video ya harusi ya binti yake, ambamo marehemu mkewe anawausia maharusi. Hajaisikia sauti ile tangu afiwe.

"Sura yake ninayo kwenye picha," alituambia. "Sauti ndiyo inaanza kunipotea."

Mgeni rasmi, tulilia, hatufichi.

MAOMBI

Wageni wengine hukatishwa utepe. Wewe tunakuomba uzindue programu yetu kwa kubofya mara mbili tu. Flashi imeshachomekwa. Tumemzuia Fundi Saa asiiguse ili heshima hiyo iwe yako. Amevumilia, masikini, ila tangu asubuhi kila gari likipita anauliza kama ndilo lako.

Keti naye, msikilize pamoja mpaka mwisho. Mama yule akimaliza kuzungumza, kama bado utakuwa na moyo wa kuichukua kompyuta, sisi wenyewe tutakubebea mpaka garini.

Mungu akulinde barabarani, akujalie uzee wenye watu wa kukaa nao.

Ni sisi,
Wazee wa Sebule ya Chini