Mgeni wa Kwanza wa Joanitha

Baba Paroko, wazee wetu wa Ngenge, walimu mliofundisha pamoja na marehemu, ndugu zetu Waislamu mliotoka Bakoba, kule mjini Bukoba, ukungu ukiwa bado haujainuka, na ninyi nyote mlioketi chini ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake, familia imenituma, mimi mtoto wa kaka yake, nisimame mbele yenu kwa unyenyekevu niwaeleze safari ya baba yangu mdogo, Mwalimu Avit Rutaihwa.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Ngenge, wilayani Muleba, tarehe 14 Machi 1956, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Karugendo na mama Georgina, katika majira ambayo mvua hutembea juu ya majani ya migomba usiku kucha, na mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alizaliwa akisikiliza. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akapata elimu ya sekondari mjini Bukoba, akaingia chuo cha ualimu na kuhitimu mwezi Novemba 1976. Alifundisha Muleba hadi mwaka 1988, kisha akahamia Bukoba, akajenga nyumba yake Kahororo, na huko akafundisha mpaka alipostaafu tarehe 14 Machi 2016.

Tarehe 8 Januari 1983 alifunga ndoa takatifu na mama yetu Agnetha, wakajaliwa watoto watatu: Lilian mwaka 1984, Mujuni mwaka 1988, na Joanitha, aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1996.

Joanitha alichelewa kuketi, akachelewa kutembea, na maneno yalimjia machache, kama matone yanayobaki kwenye jani mvua ikishapita. Baba yake, aliyekwisha kuwafundisha kusoma watoto wa watu wengi, hakujua amfanyeje wa kwake. Wageni walipobisha hodi, mama alimshika mkono akampeleka taratibu chumba cha nyuma, si kwa kumchukia, ila ili asichekwe, naye akabaki huko akizisikia sauti za sebuleni kama mtu asikiavyo sauti ndotoni.

Mwaka 2005 Joanitha alipokelewa shuleni na Mwalimu Mwajuma wa Bakoba, aliyefundisha darasa la watoto wenye mahitaji maalumu. Marehemu alifurahi mno, akanunua ubao na chaki, na kila jioni akamfundisha irabu nyumbani, mpaka mtoto akawa akiiona chaki tu anaingia uvunguni. Marehemu alipokwenda kumwombea kazi za ziada, Mwalimu Mwajuma alimwambia, “Mwalimu Rutaihwa, irabu niachie mimi. Mtoto huyu sasa ana walimu wawili, ila baba hana. Hebu niambie, wageni wakija kwenu, mtoto wa nyumba hufanya nini?”

“Huwapelekea kahawa ya kutafuna.”

“Na Joanitha?”

“Yeye hupelekwa chumba cha nyuma.”

“Basi hiyo kahawa ndiyo kazi ya nyumbani, na ni yako wewe. Nitakuja mwenyewe kuisahihisha.”

Tangu siku hiyo, kila jioni, marehemu alitoka nje ya nyumba yake, akabisha hodi, akaingia, akaketi kwenye kiti cha mgeni, na Joanitha akaja na kikapu kidogo cha punje za kahawa iliyokaushwa, akapiga magoti, kahawa ikamwagika kwenye nyasi zilizotandikwa sakafuni, wakaiokota pamoja, wakaanza upya. Mama Agnetha aliuliza kutoka jikoni, “Baba Lilian, leo umetoka nchi gani?” naye akajibu, “Leo nimetoka Uganda, mama, nina njaa ya kahawa!”

Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 2006 nyumba ilijaa. Alikuwapo mzee Rutashobya, baba mkubwa wa marehemu, ambaye daima alishauri mtoto yule asitolewe mbele za watu, na Mwalimu Mwajuma naye alikuja kama alivyoahidi. Joanitha akatokea na kikapu, akampita mzee, akampita mwalimu wake, akaenda kumpigia magoti baba yake, kwa maana mgeni aliyemjua yeye alikuwa mmoja tu. Marehemu alijua kwamba akimkosoa pale, mtoto atarudi chumba cha nyuma na huenda asitoke tena, akanyoosha mkono, akachukua punje moja, akasema, “Asante, mwanangu.”

“Ee, Avit!” mzee Rutashobya akapaza sauti. “Kumbe hata wewe ni mgeni hapa kwako?”

“Ni mgeni, tata, baba yangu. Kwa huyu ndiyo kwanza ninafika.”

Mzee akacheka hadi akafuta macho, akakinga mikono yote miwili, akasema, “Haya, binti, na mimi usininyime.”

Tangu hapo chumba cha nyuma kiliwekwa magunia ya maharage, na Joanitha akawa mpokea wageni wa nyumba ile, lakini utaratibu wake hakuubadilisha kamwe: kwanza baba, kisha wengine.

Mwezi Agosti 2023 marehemu alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa mjini Bukoba, na katika maumivu yale yote aliomba jambo moja tu kwa siku ya mazishi yake, “Siku hiyo watu watajaa. Msimfiche.” Aliaga dunia tarehe 11 Februari 2025, saa nne asubuhi, ukungu ukiinuka polepole juu ya ziwa.

Asubuhi ya leo, kabla hamjapokea kahawa mikononi mwake, Joanitha alikwenda na kikapu hadi kwenye jeneza, akapiga magoti, akangoja. Baadhi yetu tulitaka kumwondoa, mama Agnetha akasema, “Mwacheni.” Joanitha akaweka punje moja juu ya kifuniko, akainuka, ndipo akaja kwenu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kahororo na wa Ngenge, walimu wenzake, Baba Paroko, na Mwalimu Mwajuma, ambaye yupo hapa pamoja nasi.

Mwalimu, umebisha hodi mara ya mwisho. Ingia, keti, upumzike katika amani ya Bwana.

Nami habari hii ya kahawa sikuipata kwa wakubwa. Aliyenisimulia kwanza, kwa maneno yake machache, akigonga mlango kwa kidole, akiketi, akinyoosha mkono kama baba yake, ni Joanitha.