Nahodha Aliyekataa Kunuswa

Bwana asifiwe! Wa nyuma sijawasikia. Bwana asifiwe sana!

Ndugu zangu, enzi za Ujamaa nilikuwa beki wa timu ya kiwanda cha mbao hapa Tabora. Kazi nilipewa kwa sababu ya miguu yangu, na nyumba ya kiwanda vilevile. Meneja wetu alipenda mpira kupita kiasi. Akatangaza kwamba mwili wa mchezaji ni mali ya umma! Kila asubuhi kabla ya mazoezi tulipanga mstari, tunafungua midomo atunuse, anatuvuta kope atukague macho. Hata siku za mapumziko alituma watu wachungulie tunakula wapi na tunakunywa nini. Harusi ya dada yangu mwenyewe sikwenda, kwa kuwa palikuwa na pombe. Niliishi kwa woga, jamani.

Siku moja ya mapumziko nikaenda kijijini Kigwa kumsaidia baba kurina asali. Moshi wa mizinga mnaujua! Kesho yake nikasimama mstarini macho mekundu, nywele zinanuka moshi. Meneja akapiga kelele: bangi! Nikaeleza, hakutaka kusikia. Nikaambiwa sichezi tena, na nyumba niihame. Mke wangu alikuwa karibu kujifungua. Ndugu zangu, nililia mbele ya wanaume wenzangu.

Aliyenifuata mstarini alikuwa nahodha wetu Salum, Mwislamu wa mtaa wa Isevya. Mtu yule! Pombe hajawahi kuionja, hata sigara hakuijua. Angefungua mdomo tu, angepita. Hakufungua.

"Salum, fungua," meneja akasema.

"Ndugu meneja, uwanjani nitumie utakavyo. Nikishatoka kazini, mdomo huu ni wangu. Na huyu asipocheza, mimi pia sichezi."

Akavua viatu vya mpira, akaviweka chini taratibu. Na yeye alikuwa na watoto, tena katika nyumba ya kiwanda hicho hicho! Kipa akavua vyake. Wakavua wote. Meneja akabaki kutazama vile viatu, mwisho akasema kwa sauti ndogo, "Vaeni, mkafanye mazoezi. Na wewe wa asali, nenda nao." Mstari ule haukupangwa tena.

Nilipomfuata Salum kumshukuru, alicheka: "Wewe niletee asali tu." Nimempelekea kila msimu mpaka alipofariki, na sasa nawapelekea wanawe.

Miaka yote ile nilimwomba Mungu anifiche, meneja asinione. Hakunificha. Alinipa mtu wa kusimama nyuma yangu. Asante, Bwana wangu!

Wewe unayeishi kwa woga leo, mtumaini huyo Mungu. Na wewe uliye safi, usiye na cha kuogopa, usiharakishe kufungua mdomo ili upite. Tazama kwanza ni nani analia mbele yako.