Kinyozi Aliyesimama Kupokea Wageni

Ndugu, majirani, na ninyi wateja wake ambao vichwa vyenu alivijua kuliko mama zenu wanavyovijua: tumekuja kumsindikiza kaka yangu, ambaye nusu ya mji ilimwita Wembe. Mimi ninayesoma ni mdogo wake anayemfuata. Familia imeniomba nisome kwa ufupi na nisitanie. La kwanza nitajitahidi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, katika wodi ya wazazi iliyokuwa nyuma ya stesheni ya reli, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili. Baba yetu alikuwa kinyozi na mama alifua mashuka ya hospitali. Mama alisimulia kwamba kaka alizaliwa na nywele nyingi mpaka mkunga akacheka, na kwamba baba alizipunguza kabla mtoto hajatimiza wiki. Ugomvi uliozuka nyumbani haukuisha mpaka nilipozaliwa mimi, nikiwa na kipara, na baba akakosa cha kupunguza.

Alianza shule ya msingi ya mtaani kwetu mwaka 1960, akaendelea na sekondari hadi mwisho wa mwaka 1969, baba alipopata kiharusi na kiti cha kinyozi kikabaki bila mtu. Darasani alikuwa mzuri wa hesabu na mbovu wa kukaa. Wenzake walisimama mwalimu anapoingia. Yeye alisimama hata aingiapo mfagizi. Mwalimu mmoja aliona anamfanyia mzaha, akamchapa. Siku iliyofuata mfagizi aliingia, na kaka akasimama tena.

Januari 1970 alichukua kiti cha baba, katika chumba kimoja mkabala na posta, chenye viti viwili na kioo kilichopasuka kona. Kiti cha pili kilikuwa changu tangu mwaka 1978. Pale ndani kulikuwa na sheria moja tu: kinyozi hapokei mtu akiwa amekaa. Mlango ukifunguliwa, kaka alisimama, akakung'uta kitambaa na kusema, "Karibu kiti." Alisimama kwa meneja wa benki, akasimama kwa mtoto aliyeletwa akilia, akasimama kwa yule bwana aliyekuwa akija kuomba maji tu. Tuliwahi kumwajiri kijana aliyewasalimia watu huku amekaa kwenye benchi, ameegemea ukuta. Kaka alimwuliza, "Umechoka, mwanangu? Basi nenda kalale. Hapa watu wanaingia." Kijana alidhani ni utani mpaka alipoona koti lake limewekwa mlangoni.

Alimpata mke wake kwa ugomvi. Shemeji yangu, ambaye wakati huo alikuwa karani wa simu, aliingia kinyozini amefura, kamshika mdogo wake mkono. "Huyu mlimnyoa au mlimpalilia?" Mimi ndiye niliyekuwa nimemnyoa, kwa hiyo nilikuwa nimeshajificha nyuma ya taulo. Kaka akasimama. "Karibu kiti, dada." Shemeji akasema, "Sikuja kunyolewa, nimekuja kugombana." Kaka akamjibu, "Hata anayegombana anakaa." Alikaa. Walifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979 na wakajaliwa watoto wawili, binti ambaye ni fundi umeme na kijana ambaye ni mpishi wa hospitali.

Ugonjwa ulianza mwaka 2014 kwa ganzi ya vidole vya mkono wa kulia. Madaktari walisema ni mishipa ya fahamu, na kwamba haitatibika. Ulikuwa ugonjwa wa vituko. Leo anavuka barabara kwenda kununua gazeti, kesho na keshokutwa hawezi kufunga kifungo cha shati wala kutoka kitandani. Tarehe 30 Aprili 2016 alitundika koti lake jeupe na kuniambia, "Nipo nyumbani." Niliomba niwe naenda kumnyoa, akakataa katakata. Nilipomtembelea nilimkuta amenyolewa tayari, ila si kazi niliyoizoea. Chini ya kidevu palibaki mabaka ya ndevu. "Kaka, umejinyoa gizani?" Alinijibu, "Mteja hajalalamika." Shemeji alicheka, akaenda jikoni.

Shemeji ndiye aliyekuwa akimnyanyua: kitandani, bafuni, chooni, na kurudi. Kaka hakuwa mtu mwepesi. Mwanzoni mwa mwaka 2019 pingili za mgongo wa shemeji ziliteguka na mguu wake ukaanza kufa ganzi. Daktari alimwambia lazima apasuliwe, na kwamba kwa miezi mingi baada ya hapo asinyanyue hata ndoo, sembuse mume. Akichelewa, mguu utakufa. Sasa nani atamnyanyua kaka? Watoto wako kazini, mimi mwenyewe magoti yangu yanaomba msaada. Tumaini lilibaki moja, posho ya ulemavu, ambayo ingelipia msaidizi wa nyumbani. Bila posho hakuna msaidizi, na bila msaidizi shemeji haendi kupasuliwa. Alituapia hivyo.

Kwa wale ambao hamjapita njia hiyo, niwaeleze kama nilivyoelewa. Hupewi posho kwa jina la ugonjwa. Unapimwa kwa mambo ya kila siku: kupika, kula, kuoga, kunyoa, kuvaa, kutembea. Kila jambo lina alama zake kulingana na msaada unaouhitaji. Alama zikitosha unapewa, zikipungua kidogo tu unarudi mikono mitupu. Anayekuja kukupima huuliza na kuandika, lakini si yeye anayeamua. Ripoti yake huenda kwa mtu aliye ofisini, ambaye hujapata kumwona wala yeye hajakuona, naye ndiye mwenye neno.

Mpimaji alikuja tarehe 6 Juni 2019, muuguzi kijana, mpole, mwenye begi. Kaka alikuwa amekwisha kuvaa shati jeupe na tai. Mlango ulipofunguliwa, alisimama. Nilikuwepo, nikaona alivyoukamata ukingo wa meza na jinsi mishipa ya shingo ilivyomtoka. "Karibu kiti, dada." Hakukaa mpaka mgeni alipokaa.

"Unaoga mwenyewe, mzee?"

"Naam."

"Na kuvaa?"

"Si unaniona?"

"Kunyoa?"

"Dada, mimi ni kinyozi."

Shemeji alifungua mdomo. Kaka akamtazama, naye akaufunga. Muuguzi aliandika, akaaga, na kaka akasimama tena kumsindikiza kwa macho. Gari lilipoondoka tu, miguu ilimwishia nguvu. Tulimbeba mimi na shemeji hadi kitandani akiwa na viatu vyake, na siku mbili hakuinuka. Hayo muuguzi hakuyaona, kwa hiyo hakuyaandika.

Barua ya uamuzi ilikuja, imeandikwa: Alisimama bila msaada. Nadhifu. Hujinyoa mwenyewe. Alama hazikutosha. Binti yake, ambaye ulimi wake hauna breki, alimwambia, "Baba, umewapa heshima, wao wamekupa sifuri." Tuliomba uamuzi uangaliwe upya, na jibu likarudi lilelile kwa maneno mengine. Ikabaki rufaa mbele ya jopo. Jopo lilipanga kusikiliza tarehe 7 Novemba. Hospitali ilimpangia shemeji upasuaji tarehe 14 mwezi huohuo, ikasema asipofika atarudi mwisho wa foleni. Mguu wake alikuwa ameanza kuuburuta. Kila mtu pale nyumbani alitembea roho juu.

Tulimpeleka kaka kwa mama mmoja anayeshauri watu bure juu ya rufaa hizi, kwenye chumba cha nyuma cha maktaba. Alisoma kila kitu, akavua miwani. "Mzee, hawakuulizi kama unaweza mara moja, mgeni akiwepo. Wanauliza kama unaweza bila kujiumiza, ukarudia tena na tena, kwa siku zilizo nyingi. Usiwapelekee siku yako nzuri."

"Niwapelekee ipi?"

"Ile ambayo hutaki mtu aione."

Tulipofika nyumbani kaka alimwomba shemeji ampigie pasi koti. Hapo mimi nilikata tamaa, na shemeji alipiga pasi huku akifuta machozi kwa mkono wa gauni.

Siku ya kusikilizwa tulimwingiza kwa kiti cha magurudumu tulichoazima zahanati. Chumba kilikuwa kidogo, meza ndefu, jagi la maji na bilauri za plastiki. Mlango wa upande ulifunguliwa wakaingia watatu: jaji, aliyekuwa mama wa makamo; daktari mzee; na mjumbe wa tatu, ambaye naye alikuwa kwenye kiti cha magurudumu. Nikaona mikono ya kaka inakwenda kwenye vishikio. Nilimnong'oneza, "Kaka, leo tulia." Hakunisikia, au alinisikia. Alijisukuma juu, akafika katikati, akabaki hapo anatetemeka mwili mzima.

"Kaa tu, mzee," jaji alisema.

"Sikai mgeni akiwa amesimama."

Jaji alikaa haraka kuliko majaji wanavyokaa. Kaka akaanguka kitini. Daktari alikuwa akimtazama muda wote huo.

"Ukirudi nyumbani leo, utasimama tena?"

Kaka alivuta pumzi. "Leo hapana." Kisha akasema, "Na kesho hapana."

Daktari alifunua karatasi. "Hapa imeandikwa unajinyoa mwenyewe. Leo nani amekunyoa?"

Shemeji aliliangalia jagi kana kwamba jibu limo humo. Mimi nikataka kusema lolote, jaji akaninyooshea kiganja: jibu ni lake peke yake.

"Mimi ni kinyozi," kaka alisema.

"Najua. Nimekuuliza nani amekunyoa."

Niliufikiria ule mguu wa shemeji. Nilitamani kumtikisa kaka yangu mabega.

"Mke wangu," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoacha kazi. Hufunga mapazia kwanza. Mimi ndiye niliyemwomba."

"Kwa nini mapazia?"

"Nimenyoa mji mzima, daktari. Sikutaka mji unione nikinyolewa." Aliinamisha kichwa, kisha akakiinua. "Na mgongo wake umeharibika kwa kuninyanyua mimi. Hilo nalo liandikeni."

Nililia, na sioni aibu kuwaambia. Kaka alikuwa akijikaza mbele yetu miaka yote ile, na siku ile alijivua nguo mbele ya wageni watatu kwa ajili ya mke wake. Katika maisha yake yote sijaona alichofanya kikubwa kuliko hicho.

Walitutoa nje, wakatuita tena. Rufaa ilikubaliwa. Posho ilitolewa kwa miaka mitatu, kisha apimwe upya. Kaka, ambaye alikuwa amekwisha kurudiwa na ulimi wake, aliuliza, "Kwa hiyo mnatarajia nitapona?" Mjumbe wa tatu akacheka. "Mzee, mimi mwenyewe nimepimwa mwezi uliopita, waone kama miguu imerudi."

Tarehe 14 Novemba 2019 shemeji alipasuliwa. Amekuja hapa kwa miguu yake miwili, mmemwona. Msaidizi alimnyanyua kaka, akamwogesha, akamvisha, lakini wembe hakuruhusiwa kuugusa. Hiyo ilibaki kazi ya shemeji, na mapazia yalibaki yamefungwa.

Fomu ya kupimwa upya ilifika mwaka huu, Oktoba 2022, wiki aliyolazwa kwa homa ya mapafu. Binti yake aliiweka kabatini. Wodini, daktari wa zamu alipokaribia kitanda, kaka alijaribu kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Muuguzi akamwambia, "Lala, mzee." Akajibu, "Basi mkaribisheni kiti." Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho tuliyoyasikia. Alifariki asubuhi ya tarehe 19 Oktoba 2022, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Ameacha mjane, binti mmoja na kijana mmoja, mkwe mmoja, wajukuu wanne, mdogo wake mmoja, na wateja wengi ambao sasa watalazimika kunivumilia.

Leo asubuhi nilikwenda kumwandaa. Nilibeba wembe wangu mpya, nikijua kazi hiyo ni yangu. Shemeji alikuwa ametangulia, bakuli la maji ya moto liko tayari. Aliniambia, "Shemeji, karibu kiti. Huyu ni mteja wangu." Nikakaa. Alikwenda dirishani, akafungua mapazia yote mawili, mwanga ukaingia na barabara yote ikawa inaona, ndipo akaanza kumnyoa. Safari hii hakuacha kitu chini ya kidevu.

Sasa anaingizwa. Naomba tusimame. Asiyeweza akae tu, hapa hapimwi mtu.

Karibu, kaka. Leo tumesimama sisi. Wewe pumzika.