Nguo ya Tano ya Mama Josée

Ndugu na marafiki, mliotoka Fungurume, Tenke na hata ng'ambo ya mpaka, asanteni kwa kuja. Tunayemsindikiza leo, Mama Josée Mianda, hakupenda kuona watu wakikaa na huzuni ndefu. Tutasimulia maisha yake kama alivyopenda mwenyewe kusimulia: polepole, na anayetaka kucheka acheke.

Alizaliwa Kolwezi tarehe 9 Mei 1955, mtoto wa pili wa Tata Kabasele, aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi mgodini, na Mama Mushiya. Alimaliza shule ya msingi pale Manika mwaka 1968, kisha akajifunza kushona katika foyer, ile shule ya akina mama na mabinti. Walimu walisema ana mkono mwepesi, na mdomo mwepesi zaidi.

Alifungua meza ya ushonaji katika soko la Manika. Hapo ndipo alipokuja Ntambwe, kijana wa reli wa stesheni ya Tenke, na suruali iliyochanika. Wiki iliyofuata akaja tena, suruali ile ile. Alipokuja mara ya tatu, Josée alimwangalia usoni.

"We Tata, suruali za batu zinapasukaka na kazi. Yako inapasukaka na wembe?"

Ntambwe hakukana. Walifunga ndoa kanisani tarehe 23 Agosti 1975, na Mungu akawapa watoto watatu.

Mwaka 1993, familia zenye asili ya Kasai zilipolazimishwa kuondoka, nao walipanda treni. Ndani watu walibanana, vitu havikuwa na nafasi. Mama Josée aliishusha mashini yake ya kushona, akaiacha pale stesheni ya Kolwezi, akalia mpaka Kasai. Walirudi mwaka 1999, kwa lori. Akanunua mashini nyingine, ya kuzungusha kwa mkono, akashona tena, akacheka tena. Lakini treni? "Mi na treni tulikwisha kuachana," alisema. Hata harusi za Tenke alikwenda kwa gari.

Ndiyo maana mwezi wa sita 2018, mchungaji alipotangaza kwamba akina mama watatumwa Luau, nchini Angola, kuhubiri Injili na kufundisha ushonaji, na kwamba watafika Dilolo kwa treni, Mama Josée alikataa mbele ya kanisa zima. Hakuwa amewahi kuvuka mpaka, na hakuona sababu ya kuanza uzeeni. Wanne walikubali. Yeye akapewa kazi ya kuwashonea sare, kwa maana kanisani kwetu mtu hatumwi mpaka amevishwa.

Rafiki yake Farida, muuza vitenge wa meza ya jirani, ndiye aliyemletea kitambaa.

"Mama Josée, mi ni Mwislamu, lakini nakuuliza: Mungu wako alikuambia ushone, ao alikuambia uende?"

"Aliniambia ninyamazishe bajirani!"

Walicheka wote wawili. Lakini siku ile Mama Josée hakula.

Akawapima wanne, akakata, akashona. Tata Ntambwe alipoingia nyumbani, alikuta nguo tano kwenye kamba.

"Mama, hii ya tano ni ya nani?"

"Kitambaa kilibakia."

"Kikabakia na kifua chako? Na kiuno chako?"

Mama Josée akakaa kitako. "Tata, mikono yangu ilikwisha kuitika. Ni miguu ndiyo inakataa."

Kesho yake wakaenda pamoja kutafuta karatasi za kuvukia mpaka.

Siku ya safari kwaya iliwasindikiza stesheni kwa ngoma. Mama Josée alifika amevaa nguo ya tano, mashini kifuani. Treni ikapiga honi, na miguu ikagoma kweli. Alisimama pale pale alipoiacha mashini ile ya kwanza, wenzake wakimwita kutoka ndani. Tata Ntambwe hakumsukuma.

"Mama, siku ile tulifukuzwa. Leo unatumwa. Ukitaka turudi nyumbani, tutarudi, na sitakuuliza kitu."

Mama Josée akamkabidhi mashini: "Shika." Tata Ntambwe akadhani basi, mambo yameisha. Kumbe Mama ameshapanda, na mikono yake inatokea dirishani.

"Lete! Mara hii haibakie!"

Stesheni nzima ikapiga vigelegele.

Kireno hakukijua, Luau alifundisha kwa vidole na kwa kicheko. Alirudi akiimba, mikono mitupu. Mashini? Amemwachia mjane mmoja kijana. "Ile ya kwanza ilinitoka," alisema. "Hii nimeitoa mwenyewe." Tangu hapo hakukosa safari hata moja ya Luau, mpaka kisukari kilipomlaza mwishoni mwa 2023.

Siku chache kabla ya kutuacha, alimwomba binti yake Jémima aipunguze ile nguo ya tano. "Kaza pembeni. Siwezi kufika kule na nguo ya kunipwaya, batasema Kolwezi hakuna fundi." Alifariki hospitalini Jumanne tarehe 4 Februari 2025, asubuhi, mkono wake mkononi mwa mumewe. Ile nguo ya tano ndiyo aliyovaa leo.

Ameacha mume, Tata Ntambwe, watoto Kanyinda, Jémima na Jocelyne, wajukuu tisa, rafiki yake Farida, na akina mama wa Luau, walioshuka jana stesheni ya Kolwezi wakiwa wamevaa nguo zilizoshonwa kwa mashini ile.

Miguu haikukataa tena, Mama. Umetumwa, umefika, pumzika kwa amani.