Kinachotoka Kitoke Kikiwa Kitu

Mheshimiwa Meneja wa karakana hii ya ushonaji; Ndugu Msimamizi wa zamu, ambaye leo kwa mara ya kwanza naambiwa umeonekana umekaa; mafundi cherehani, wakataji, wapiga pasi na washona vifungo; shangazi wa mume wangu, uliyewahi kiti cha mbele ili neno lisikupite; ndugu wageni waalikwa; mama mkwe wangu mpendwa, mstaafu wetu; na wewe mume wangu, nuru ya macho yangu, uliyepangiwa kusema hapa badala yangu na sasa umejificha nyuma ya spika ukidhani hatuoni viatu vyako: hamjambo?

Nimeambiwa niseme kwa kifupi. Aliyeniambia hivyo hajui kwamba nimeolewa juzijuzi tu, na mtu aliyeolewa juzijuzi hana habari fupi.

Tumekuja kumuaga mwanamke ambaye ninyi hapa mnamwita Hakitupwi. Kwenu ni jina la utani, kwa sababu kila fundi aliyetaka kufagia kipande cha kitambaa chini ya cherehani alisikia sauti nyuma yake: "Hicho hakitupwi!" Kwetu nyumbani si utani. Ni katiba.

Mimi nilianza kuitii kabla hata sijaijua. Nauza katika duka la vifaa vya shule na ofisi. Siku moja akaingia kijana fundi majokofu, mabega kama kabati, mikono imejaa grisi, akasimama mbele ya karatasi za mapambo, kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayenunua dawa ya ugonjwa wa aibu:

"Nipe hiyo ya vipepeo."

"Ngapi?"

"Moja. Lakini usiikunje. Anasema ikikunjwa haina maana tena."

Nikajua ana mke. Akarudi tena: ya mawaridi, moja, usiikunje. Nikajua ana mke, tena mkali. Aliporudi kwa ajili ya ile yenye nyota za dhahabu, uvumilivu ukanishinda.

"Kaka, si umwambie shemeji aje achague mwenyewe?"

"Shemeji gani, dada? Ni mama. Anatengeneza maboksi ya zawadi."

Ndugu wageni, mnaijua furaha? Niliikunja ile karatasi ya nyota katikati kwa mshtuko, na yeye hakunigombeza, alinitazama tu. Mwanamume ambaye kazi yake ni kurudisha baridi kwenye majokofu ya watu alinipa joto nililo nalo mpaka dakika hii. Shangazi, usiangalie chini, hii ni ndoa halali.

Tukaoana. Siku ya pili, wakati maharusi wengine wanachana zawadi zao kwa papara kama watoto, mama mkwe wangu alikaa katikati ya sebule na wembe. Kila selotepu ilibanduliwa kwa ncha, kila karatasi ikatandazwa, ikafunikwa kitambaa, ikapigwa pasi ya moto mdogo. Karatasi, ndugu zangu! Gauni langu la harusi lilikuwa limejikunyata kwenye kiti kama mgonjwa, hakuna aliyelitazama. Mpaka leo mkiniuliza nani alituletea sufuria na nani alituletea taa, sijui. Lakini karatasi ya kila mmoja wenu naijua. Shangazi, ya kwako ilikuwa imeandikwa "Ugua Pole".

Kisha tukaonyeshwa chumba chetu. Kuanzia sakafuni mpaka darini palikuwa na viroba: viroba vya mabaki ya khaki ya wanafunzi, vya bluu ya walinzi, vya nyeupe ya wapishi, vya maua ya magauni ya watu ambao huenda wameshanenepa. Na katikati ya viroba, kama njia ya mbwa kwenye majani, palikuwa na kitanda cha futi tatu. Mume wangu ni mrefu, na mimi mnaniona. Sikulalamika. Wiki ya kwanza kitanda chembamba ni baraka. Wiki ya tatu ni mgongo.

Nikamwendea mama kwa adabu zote za mkwe.

"Mama, hivi viroba tungevihamishia wapi?"

"Chumba ni chenu, mwanangu. Viroba ni vyangu. Kiroba kikiisha, nafasi yake ni yenu. Lakini kitambaa hakitupwi. Kinachotoka humo kitoke kikiwa kitu."

Nawauliza, ni bibi harusi gani mwingine aliyewahi kuambiwa kwamba kitanda kipana atakipata kwa sindano?

Basi kila jioni, baada ya kazi, sisi watatu tulikaa mkekani. Na msiogope, hakuna ufundi wa kutisha. Unachana kitambaa kiwe vipande vyembamba, upana wa vidole viwili. Unavifunga kimoja kimoja kwenye kamba ya katani, fundo moja tu, vikibanana. Ukimaliza una pambo la dirisha. Hilo hata Mheshimiwa Meneja analiweza. Au unakunja karatasi mbele na nyuma, mbele na nyuma, unafunga uzi katikati, unafungua pande zote kama feni na kugandisha ncha: ua. Tazameni juu. Maua yote yanayoning'inia humu ukumbini ni karatasi za harusi yetu. Lile la tatu kutoka mlangoni, shangazi, ndilo Ugua Pole.

Sisemi hatukukosea. Makopo ya maziwa tuliyavika karatasi kwa gundi ya unga wa ngano, tukaiacha gundi nzito mno, asubuhi tukakuta mende wamekula vipepeo wote na makopo yako uchi. Mama alisema, "Angalau wameshiba." Na mume wangu, kipenzi changu, mkono unaofungua mashine ya jokofu bila hata tochi, alihangaika siku kadhaa akinishonea mto mwekundu wa umbo la moyo. Aliponikabidhi, mama aliuchukua, akaugeuza huku, akaugeuza kule.

"Hili figo umemshonea nani?"

Nililia. Ndiyo, nililia, na ningelia tena. Moyo kila mwanamke hupewa, tena na waongo. Nani kati yenu amewahi kupewa figo? Figo mtu hupewa na anayempenda kweli. Nalilalia mpaka leo.

Katika siku hizo tukapata bahati: chumba na sebule, mtaa wa pili kutoka kwa mama, mwenye nyumba mstaarabu, dirisha linatazama asubuhi. Tukamwambia mama palepale mkekani kwamba viroba vikiisha, tutahama.

Akasema, "Vizuri. Nipitishie mkasi."

Hapo tukaongeza kasi. Tulishona vishikio vya sufuria mpaka mtaa wetu hakuna anayeungua vidole. Tulishona vibendera vya pembe tatu, mifuko ya pegi za nguo, vifuniko vya mito, na joho la viraka kwa ajili ya paka wa jirani, ambaye alilikataa. Viroba vya nyuma vikaisha kimoja baada ya kingine. Ukuta ukaonekana, nikagundua una rangi ya kijani. Lakini kiroba cha mlangoni, kile tulichoanza nacho, hakikuisha. Tunakiacha nusu, kesho yake kimejaa. Mume wangu akasema vitambaa vikikaa sana huvimba. Nampenda sana, lakini hilo nalo?

Halafu jioni moja nikaingiza mkono mpaka kwenye kwapa katika kiroba hicho, ambacho mama alituapia ni cha tangu mume wangu ananyonya, nikatoa kipande cha zambarau. Zambarau ya kung'aa. Nilikijua. Mchana uleule kiongozi wa kwaya alikuwa ameingia dukani kwangu kununua mafaili, akanionyesha sampuli ya majoho yao mapya, akijisifu kwamba kitambaa kimefika wiki hiyohiyo na karakana ndiyo kwanza imeanza kukata.

Nikamtazama mama. Mama akaitazama sindano yake, anashona kwa bidii. Sindano haikuwa na uzi.

Asubuhi nikamwambia mume wangu akiwa anafunga kamba za viatu.

"Mama yako anakijaza kile kiroba."

"Nyamaza. Ukimuuliza atasema ni panya."

"Panya wanaleta kitambaa?"

"Wa mama yangu wanaleta."

Akafunga kamba, akaifungua, akaifunga tena. Kisha akaniambia, bila kuinua uso, "Mimi ndiye wa mwisho, unajua. Wengine wote walishaondoka."

Ndugu wageni waalikwa, nawauliza: mtu anayeaga cherehani aliyoikalia tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na wakati huohuo kitinda mimba wake anapima mapazia ya nyumba nyingine, afanye nini? Wako wanaolia. Wako wanaougua kila mkwe akishika begi. Shangazi, sijasema nani. Yeye hakulia wala hakuugua. Hakuna jioni hata moja aliyotuambia "msiondoke". Alitoka kazini na mkoba wake umevimba kidogo, akamimina alichomimina sisi tukiwa tunaoga, akakaa mkekani, akasema nipitishie mkasi. Nimesoma sekondari, nimepewa barua za mapenzi zenye mashairi ya kunakili. Sijawahi kuandikiwa barua nzito kama kiroba kile.

Sasa, Mheshimiwa Meneja, naona unatafakari hilo la mkoba. Tangazo lako ukutani linasema mabaki yote yafagiwe na kuchomwa moto. Mabaki yalifagiwa, Mheshimiwa, yalifagiwa vizuri sana. Kuhusu moto, naomba uendelee kutazama maua.

Na kwa kuwa umeshatazama, nina ombi. Kuanzia kesho mama hana tena sababu ya kupita chini ya meza za kukatia. Je, yale mabaki ya Ijumaa, badala ya kuyachoma, mafundi hawa hawawezi kumpitishia nyumbani? Ametikisa kichwa. Ndugu Msimamizi, umeona wewe? Juu na chini, siyo kushoto na kulia. Pigeni makofi haraka kabla hajaghairi!

Asante, Mheshimiwa. Na wale mtakaoyapeleka, mjue: hamtaondoka bila kukaa mkekani, na hamtainuka bila kufunga fundo.

Mama.

Tunahama Jumamosi. Najua unajua, jana nimekuona unakunja shuka letu mara mbili. Kiroba cha mlangoni hakijaisha, na kwa mkataba wetu hatukupaswa kutoka. Ila mimi nimeutafakari ule mkataba wako kitandani, ubavu mmoja, maana hapakuwa na nafasi ya kugeuka. Ulisema kinachotoka chumbani kitoke kikiwa kitu. Tuliingia humo fundi majokofu asiyejua kutunga uzi na muuza kalamu aliyekunja karatasi ya watu. Umetuchana, umetupiga pasi, umetufunga fundo moja, tukibanana. Tunatoka mume na mke. Hicho si kitu?

Wewe usiyeonekana nyuma ya spika, toka sasa, simama hapa nami, maana ninayosema ni ya wawili. Haya. Futa macho, watu watadhani nakupiga.

Mama, mbele yako pana kiboksi. Karatasi yake ni ya nyota za dhahabu, na ukiitazama vizuri utaona alama ya kukunjwa katikati ambayo pasi yako ilishindwa kuitoa. Nilijua uliitunza. Ndani pana kifuko cha zambarau nilichokishona mwenyewe. Mshono umepinda, usiuchunguze. Ndani ya kifuko pana ufunguo wa kwetu. Si wa kuazima wala wa dharura, ni wako. Mkeka tumeutandika, mkasi tumenunua, figo litakuwa kwenye kiti cha sebuleni likikusubiri ulicheke. Njoo na kiroba, jioni yoyote, na kikiwa chepesi hatutauliza, na kikijaa tena hatutauliza.

Ila ubishe hodi kwanza, mama, hata kama ufunguo unao. Ubishe, usubiri kidogo. Kitanda chetu kipya ni cha futi sita, na ndoa yetu bado changa.

Ndugu wageni, mmenipa masikio yenu na mmecheka pale nilipotaka mcheke. Kwa hilo, kwa niaba yangu na ya huyu anayelia, asanteni sana kwa kunisikiliza.

Naona mstaafu ameshaomba wembe. Taratibu, mama, usiichane. Karatasi hiyo tunaihitaji.