Mhojiwa wa Saba

Rispa alipanda gari moshi Dandora na kikapu chake cha mboga, akaketi mkabala na binti aliyekumbatia karatasi na kijana mwenye kofia. Hakuuliza kitu, akaambiwa yote. Binti, Shirleen, alikuwa akisomea shahada ya pili, mambo ya vyombo vya habari na utandawazi. Kazi yake ilitakiwa chuoni leo, na kijana, mwanamuziki aliyemhoji, alikuwa hajatia sahihi ya kuruhusu maneno yake yatumike.

"Mbona humu mimi ni Mhojiwa wa Saba?" kijana aliuliza, akiitazama karatasi ya kutia sahihi. "Hao sita wa kwanza ni kina nani, malaika?"

"Ni sheria ya chuo, bro. Tunaficha jina ili tukulinde."

"Mnilinde na nani? Miaka kumi naimba jina langu lijulikane, hata kwa ukuta wa choo cha kanisa nimeliandika. Sasa umekuja na digrii kulificha?"

Rispa alitazama nje kama mtu asiyesikia kitu. Masikio hayana kifuniko.

"Weka sahihi, tafadhali. Nikikosa leo, nangoja mwaka mzima."

"Mwambie Mhojiwa wa Nane akuwekee."

Gari moshi likasimama Makadara. Kijana akashuka, karatasi ile mkononi, bado haina sahihi. Shirleen akachomoza kichwa dirishani, sheria za chuo akazisahau, akaliita kwa sauti jina lake la muziki: "Jenerali Makopo! Jenerali Makopo wa Dandora!"

Stesheni nzima ikageuka. Kijana naye akageuka, meno yote nje.

"Rudia, sista," alisema. "Huku nyuma hawajasikia."