Kipupwe Ameshuka Kwenye Pikipiki

Wasikilizaji wapendwa, habari za saa hizi. Kama una sufuria jikoni, punguza moto uje ukae. Leo nimemwambia fundi mitambo asiweke muziki. Tuzungumze tu.

Tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mlimjua kwa mgongo. Mlimwona akipita. Alikuwa dereva wa pikipiki ya sampuli. Ndiye aliyebeba damu zetu, makohozi yetu na mikojo yetu kutoka zahanati ya mlimani hadi maabara ya hospitali kubwa, mjini. Wauguzi walimwita Kipupwe. Amefariki Jumanne asubuhi, wodi namba tatu, akiwa na umri wa miaka hamsini na miwili. Hakupata ajali. Narudia, maana uvumi umezagaa: hakupata ajali. Kilichomuua Kipupwe ni kifua.

Aliifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa. Kilomita arobaini na moja kushuka, arobaini na moja kupanda, siku sita kwa wiki. Saa tatu asubuhi anakabidhiwa boksi la bluu lenye barafu, na kabla ya saa sita liwe limefika kwenye dirisha la maabara, kwa sababu saa sita dirisha linafungwa. Damu ikichelewa inaharibika. Ikiharibika, mgonjwa anachomwa sindano upya, kama atapatikana. Wengi walikuwa wameshatembea nusu siku kufika zahanati. Ukiwarudisha nyumbani, ndiyo imetoka hiyo.

Sasa fikiria mwaka mzima juu ya kiti kile. Kiangazi, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Vuli, mvua haibishi hodi. Masika, barabara ni uji. Na kipupwe, pale kwenye mgongo wa mlima, ukungu ni mzito na upepo unapita kwenye mifupa. Mwanamama anayepokea sampuli pale dirishani aliniambia kuwa miezi ile Kipupwe alikuwa akifika vidole havifunguki. Ilimbidi atoke nje amvue glavu yeye mwenyewe, kidole kimoja kimoja, kama unavyomvua mtoto soksi. Jina lenyewe lilitoka hapo. Akiingia mapokezi na baridi yake, wauguzi wanasema, "Kipupwe ameingia, fungeni mlango." Naye anawawekea mikono shingoni, wanapiga kelele, wanacheka, kazi inaendelea.

Mkewe ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Mama Pacha, kwa mapacha wao wawili ambao sasa wameolewa mbali. Mwaka wa pili wa kazi ile alimshonea mumewe koti la turubai, ndani bitana ya flaneli, ukosi wa kupanda mpaka masikioni. Wiki haikuisha, akalikuta koti limevalishwa boksi. Mume akajieleza kwamba kifuniko kina ufa, maji yanaingia, majina kwenye vichupa yanafutika, na damu isiyo na jina ni takataka. Mama Pacha hakugomba. Alichukua futi.

"Nililipima boksi kama ninavyompima bibi harusi," aliniambia. "Kifua, kiuno, urefu. Nilipomaliza kushona nikamwambia, haya, mke mwenzangu kapata nguo, na wewe vaa yako."

Walicheka siku hiyo. Lakini koti ni koti, na masika ni masika. Maji yanapita shingoni, yanashuka kifuani, halafu upepo wa mwendo unakikuta kifua kimelowa. Saa tatu za kushuka, saa tatu za kupanda, barabara ikiwa mbaya. Fanya hivyo miaka.

Mwaka wa kumi alishikwa na kichomi. Alilala wiki mbili. Mwaka wa kumi na tatu kikarudi, na safari hii alilala mwezi. Mama Pacha alikuwa amekaa pembeni ya kitanda daktari alipokuja na picha ya mapafu. Daktari hakuzunguka mbuyu. Alisema mapafu yana makovu, na kila kichomi kitaongeza kovu jingine. Alisema: pikipiki au mapafu, chagua kimoja.

Kipupwe akachagua mapafu. Wasikilizaji wapendwa, hili nataka mlisikie vizuri. Alichagua kushuka kwenye pikipiki. Aliandika barua kwa mkono wake kuomba kuhamishiwa stoo ya hospitali, kwenye mashuka na dawa za kufanyia usafi, kwa sababu mtunza stoo alikuwa anakaribia kustaafu. Mganga mkuu aliipokea akasema hakuna shida, tusubiri miezi mitatu. Mama Pacha alianza kumshonea koti la kijivu la kazi ya ndani. Aliniambia ndiyo nguo pekee aliyowahi kuishona huku akiimba.

Hapo ndipo tulipoingia sisi. Nasema sisi, lakini nilikuwa mimi.

Ilikuwa masika, miaka sita iliyopita. Nilitaka kipindi chenye mvua ndani yake, mvua ya kweli, siyo ile ya kwenye santuri. Nikasikia habari za dereva wa sampuli, nikamfuata. Nilimkuta chini ya kibanda cha kaka yake, fundi pikipiki, anabadilishiwa mnyororo, maji yanamchuruzika kwenye nyusi. Nikamuuliza kama mvua imewahi kumzuia. Akajibu, "Haijawahi." Akakohoa. Alikohoa kwa muda, akaniomba radhi, akaendelea. Aliniambia habari za daktari. Aliniambia habari za barua na za stoo, na uso ukamchangamka kidogo.

Kikohozi tulikikata. Fundi mitambo alisema kinaharibu sauti, nami nikakubali. Stoo nayo tuliikata. Nilisema haina ladha, nani anataka kusikia habari za mashuka? Tukabakisha mvua, injini, na lile neno moja, haijawahi. Kipindi tukakiita Mtu Asiyezuiwa na Mvua. Kilirushwa mara tatu. Ninyi wenyewe mlipiga simu kukiomba.

Basi, Kipupwe akawa mtu mwingine. Akipita sokoni, watu wanasimama kumpungia. Madereva wa malori wanampigia honi. Zahanati, mgonjwa anamwambia, mwanangu, ukibeba wewe hata moyo wangu unatulia. Alifurahi, nisiseme uongo. Nani hapendi kusifiwa? Miezi mitatu ikatimia, mtunza stoo akastaafu, Kipupwe akaitwa kwa mganga mkuu. Mganga mkuu si mtu mbaya. Alikuwa na wenzake ofisini, akaichukua ile barua, akacheka, akawaambia, "Huyu tunayemsikia redioni ndiye anataka kwenda kuhesabu mashuka?" Wote wakacheka. Kipupwe naye akacheka. Akanyoosha mkono, akaomba barua yake, akaikunja akaitia mfukoni.

Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu tulipomsifu, tembo hakuligusa. Alijitia maji yeye.

"Alirudi na barua yake mfukoni," Mama Pacha alinieleza. "Akaniuliza, sasa nitawaangaliaje watu? Nikamwambia, watu hawakohoi kwa niaba yako."

Alimsihi. Alimnunia wiki nzima. Aliita mapacha, wakamsihi. Wapi, mtu hasikii la mwadhini wala la mnadi swala. Mwishowe Mama Pacha alilifumua lile koti la kijivu, akatoa vifungo, kitambaa akakitumia kwa sare ya mteja. Stoo akapewa mtu mwingine, ambaye yupo mpaka leo, na afya yake nzuri.

Miaka sita iliyofuata nitaieleza kwa ufupi, kwa sababu ilifanana. Kila masika kichomi. Kila kipupwe homa. Akipona kidogo, anapanda. Kaka yake, yule fundi, alizungumza nami juzi akiwa ameinamia injini, hakutaka nimwone uso. Alisema, "Pikipiki ile nimeibadilisha kila kitu. Mnyororo, breki, pistoni, hata tangi. Kilichobaki cha zamani ni namba tu. Lakini mdogo wangu ningemtolea wapi spea?"

Miaka miwili iliyopita, mwanamama wa dirishani alikuwa akisoma majina ya vichupa kama kawaida, akafika kwenye kikopo cha makohozi chenye jina la Kipupwe mwenyewe. Akainua macho. Kipupwe alikuwa amesimama palepale, anachuruzika maji. Akamwambia, "Andika tu, dada, nyuma yangu kuna foleni." Majibu yalipotoka yalifungwa kwenye bahasha, na dereva haruhusiwi kufungua bahasha. Akaipandisha kilomita arobaini na moja, kwenye mvua, akamkabidhi mganga wa zahanati, akatoka nje akakaa kwenye benchi kusubiri kuitwa. Haikuwa kifua kikuu. Mganga alitamani ingekuwa kifua kikuu, maana hicho kina vidonge. Makovu hayana kidonge. Akamwandikia apumzike. Apumzike wapi, wakati stoo ina mtu?

Masika ya mwaka huu mnayajua wenyewe. Alhamisi ile, kwenye mgongo wa mlima, pumzi ilikata. Alisimamisha pikipiki, akakaa kwenye ukingo wa karavati na boksi mapajani. Dereva wa lori la mchanga ndiye aliyemwona. Anasema alimkuta midomo imebadilika rangi, na kila alipotaka kumbeba, yeye anamsukumia boksi kwanza. Walifika hospitali saa sita na dakika kumi. Dirisha walilifungua, sampuli zikapokelewa. Yeye akapelekwa wodi namba tatu, na huko akakaa siku tano.

Mama Pacha hakutoka pale. Anasema siku ya nne Kipupwe alipata nguvu kidogo ya kuongea, naye akasogeza sikio, akidhani labda ataagwa, au atatumwa kwa mapacha. Mumewe akauliza ni nani anabeba kesho. Basi.

"Sikumjibu," aliniambia. "Nilikuwa na hasira naye. Bado ninayo. Namlilia na nina hasira naye, vyote kwa pamoja."

Jumanne asubuhi akafariki. Nilikwenda msibani siku ya tatu, na kinasa sauti changu, kumwomba Mama Pacha ruhusa ya kipindi hiki. Nilidhani atanifukuza. Alinipa kiti. Aliniuliza kama bado ninacho kile kikohozi tulichokikata. Nikamwambia hapana, tulikifuta. Halafu akasema maneno haya, na nimeyaandika ili nisiyakosee.

"Ndugu mtangazaji, usimsifu. Sema aliumwa. Sema alitaka kushuka. Mkimsifu, mwingine atapanda."

Ndugu zangu, nimejitahidi. Kama nimeteleza mahali nikamsifu, mnisamehe, ni mazoea ya kazi. Lakini nimechelewa. Nafasi yake ilitangazwa Ijumaa, na mwenye kuipata ameshapatikana, kijana wa miaka ishirini na sita, mwenye mke. Jana nilimfuata kwenye kibanda cha yule fundi, anarekebishiwa vioo. Nikamuuliza kwa nini ameitaka kazi hii. Akatabasamu. Akasema alikisikiliza kile kipindi chetu, mara zote tatu.

Nikamwambia yote. Nikamweleza kikohozi, barua, stoo, picha ya mapafu. Alinisikiliza kwa adabu, helmeti mkononi, anaitikia ndiyo kaka, ndiyo kaka. Nilipomaliza, akaniuliza kama na yeye siku moja nitamtengenezea kipindi.

Kwa Mama Pacha, kwa mapacha, kwa kaka mtu, tunatoa pole kutoka hapa studio. Pole ni neno dogo na sisi ndio tunaodaiwa msamaha, kwa hiyo tunatoa pole na tunaomba msamaha. Mungu amlaze marehemu mahali pakavu.

Na ninyi wasikilizaji wapendwa, nawaachia jambo moja la kutafakari. Mnapomwita mtu hodari, hebu kwanza muulizeni kama amechoka, na mkimuuliza, msubiri jibu. Mimi niliuliza, nikajibiwa, nikalikata jibu.

Mvua imeanza kugonga bati hapa juu yetu. Ni saa nne na robo. Yule kijana ameshatoka zahanati na boksi, yupo njiani anashuka. Wewe uliye kando ya barabara, ukimwona, usimpungie mkono. Msimamishe. Mpe mahali pa kujisitiri mpaka ianuke, sampuli zichelewe, dirisha lifungwe. Mwambie redio imesema.

Najua hatasimama.